Bukavu: Alipasuliwa Nairobi ili apunguze uzito, siri ikakaribia kumuua nyumbani

Ilikuwa karibu saa tatu usiku katika kituo kimoja cha afya mjini Bukavu. Muuguzi alikuwa ameshatundika chupa ya serumu ya sukari, anatafuta mshipa kwenye mkono wa dada yangu. Kwa siku kumi na mbili dada alikuwa anatapika karibu kila alichomeza. Asubuhi ya siku ile alisema miguu inamchoma kama amekanyaga upupu, na alipoinuka kwenda msalani alitembea kama mtu aliyekunywa kasiksi.

"Maji yamemuishia mwilini, tumuwekee serumu haraka," alisema muuguzi. Alikuwa na nia njema, na kwa wagonjwa wengi angekuwa ametenda vizuri. Lakini kwenye simu yangu kulikuwa na picha ya karatasi ambayo hospitali ya Nairobi ilimpa dada siku ya kutoka. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza, kurasa tatu, na nyumbani hakuna aliyekuwa ameisoma hadi mwisho. Mstari mmoja ulisema hivi kwa kifupi: mgonjwa akitapika siku nyingi, apewe vitamini B1 kwanza, kabla ya serumu yoyote yenye sukari.

Muuguzi aliusikiliza mstari huo nikiutafsiri kwa Kiswahili, akafunga serumu, akampigia simu daktari wake. Ampule za vitamini B1 zilipatikana kwenye farmasi ng'ambo ya barabara. Bei yake haikufika bei ya chupa mbili za bia.

Dada yangu, ninayemuita yaya kama ilivyo desturi ya kwetu, amekubali niandike yaliyompata, mradi jina lake lisionekane. Anasema wako wanawake wengine wa Bukavu, Goma, Uvira na Lubumbashi wanaofikiria safari kama yake, au waliorudi kutoka safari hiyo na wamenyamaza. Wanajua bei ya upasuaji. Kuhusu wiki sita zinazofuata, wengi hawaambiwi kitu.

Kwa nini alienda

Yaya ana miaka 43, ni mama wa watoto wanne, anauza vitenge huko Kadutu. Kabla ya upasuaji alikuwa na kilo 124 kwa urefu wa mita 1.62. Kwa wengi mtaani, ule mwili ulikuwa sifa: ulionyesha kwamba biashara inaenda na bwana anamtunza. Yeye mwenyewe aliyajua mengine. Magoti hayakuweza tena milima ya mji huu. Alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka sita, pamoja na shinikizo la damu, ile tunayoita tansiyo. Alijaribu kufunga, alijaribu kutembea, alinunua chai za kupunguza mwili zinazouzwa kwa sauti kubwa sokoni. Kilo zilishuka, zikarudi na nyongeza.

Hayuko peke yake. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema kwamba mwaka 2022 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa anaishi na unene wa kupindukia. Wauguzi na madaktari hupima hali hiyo kwa kugawa kilo za mtu kwa urefu wake uliozidishwa kwa urefu wenyewe. Kwa yaya jibu lilikuwa 47. Tangu mwaka 1991 upasuaji ulishauriwa kwa mtu aliyefikia 40, au 35 akiwa na magonjwa yanayotokana na unene. Mwaka 2022 vyama viwili vikubwa vya wapasuaji hao, ASMBS cha Marekani na IFSO cha kimataifa, vilishusha kipimo hadi 35 hata bila magonjwa hayo. Kwa vipimo vyote, vya zamani na vya sasa, yaya alistahili.

Familia iliuza kiwanja. Yaya na bwana yake waliamua jambo moja zaidi: hakuna atakayejua. Kwa majirani alikuwa anaenda Nairobi kununua bidhaa. Mimi niliambiwa kwa sababu ningemsindikiza. Mama mudogo wetu, aliyetulea baada ya mama kufariki, hakuambiwa.

Kilichofanywa tumboni

Upasuaji aliofanyiwa ndio unaofanywa zaidi duniani kwa sasa. Daktari hupitisha vyombo kwenye matundu madogo ya tumbo, akakata na kuondoa karibu robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi kidogo. Kinachobaki ni bomba jembamba lenye umbo la ndizi, limeshonwa kwa pini ndogo za chuma kutoka juu hadi chini. Kuna aina nyingine ambapo mfuko hukatwa ukabaki mdogo kama yai, kisha ukaunganishwa na utumbo mbele zaidi, chakula kikipita njia ya mkato. Hiyo ilianza Marekani katika miaka ya 1960.

Sehemu inayoondolewa katika aina ya kwanza ndiyo inayotoa kwa wingi grelini, homoni inayouambia ubongo kwamba njaa imefika. Ndiyo maana katika miezi ya kwanza wengi hawasikii njaa kabisa. Wanaotazama kwa mbali husema ni bahati. Kwa anayepona, kuna hatari ndani yake: asiposikia njaa wala kiu, anaweza kupitisha siku nzima bila kumeza kinachotosha.

Katika hospitali zenye uzoefu, hatari ya kufa kutokana na upasuaji huu ni ndogo, takriban mtu 1 kati ya 1,000. Lakini jeraha la ndani ni refu, na mtu halioni. Nje kuna vitobo vitano vilivyofunikwa kwa plasta. Jirani akiviona hawezi kuamini kwamba ndani kuna mshono wa sentimita nyingi ambao tonge moja la bugali linaweza kuutesa.

Siku za kwanza

Yaya alisimamishwa kitandani jioni ya siku ileile. Alilia, akamwambia muuguzi wa Nairobi kwamba kwetu mtu aliyepasuliwa hulala. Muuguzi alimjibu kwa Kiswahili chao, akamshika kiwiko, wakatembea hadi dirishani na kurudi. Sababu yake ni damu. Mtu mnene aliyelala bila kusogea baada ya upasuaji anaweza kupata damu iliyoganda kwenye mguu, na kipande kikipanda hadi kwenye mapafu kinaweza kumuua kwa dakika chache. Kwa hiyo alitembea mara nyingi kila siku, akavaa soksi za kubana, na akachomwa sindano ndogo ya heparini tumboni.

Maumivu yaliyomshangaza hayakuwa ya tumbo. Yalikuwa kwenye bega. Ni hewa inayopulizwa tumboni wakati wa upasuaji ili madaktari waone vizuri. Inayobaki huchokoza misuli ya chini ya mapafu, na mtu husikia uchungu begani. Hupungua kwa siku chache, na kutembea husaidia.

Maji alipewa kwa kikombe kidogo cha plastiki, kama kile kinachokuja na dawa ya kikohozi. Funda moja, kusubiri, funda lingine. Kazi ya siku nzima ilikuwa kufikisha lita moja, baadaye lita moja na nusu. Aliyezoea kumaliza chupa ya maji kwa pumzi mbili alijifunza kuibeba chupa ileile tangu asubuhi hadi usiku.

Dawa zake za sukari zilipunguzwa hospitalini. Hilo ni jambo la kuangaliwa sana na kila mwenye ugonjwa huo, kwa sababu sukari hushuka upesi baada ya upasuaji, hata kabla ya kilo kushuka. Anayerudi nyumbani na kuendelea na vidonge kama zamani anaweza kuzimia.

Tulibaki Nairobi siku kumi na mbili, ili daktari amuone tena kabla ya safari. Kisha ndege hadi Kigali, na gari hadi Kamembe kupitia kona za msitu wa Nyungwe. Tulimuomba dereva asimame karibu kila saa, yaya ashuke atembee. Kwenye daraja la Ruzizi mabegi niliyabeba mimi. Kwa wiki nne hadi sita mtu aliyepasuliwa hivyo hashauriwi kuinua kitu kinachozidi kilo tano hivi, na hapo hesabu ndoo ya maji, mtoto mdogo na furushi la vitenge.

Jiko la wiki sita

Karatasi ya Nairobi iligawanya chakula kwa ngazi. Kila hospitali ina hesabu yake kidogo, na mgonjwa afuate ile aliyopewa na aliyempasua. Ya yaya ilikuwa hivi.

Siku mbili za kwanza, vitu vinavyopenya mwanga tu: maji, supu iliyochujwa, chai isiyo na sukari. Kisha hadi mwisho wa wiki ya pili, vitu vya maji vyenye nguvu: maziwa yaliyopunguzwa mafuta, uji mwepesi uliochujwa, mtindi wa majimaji. Wiki ya tatu na ya nne, vitu laini vilivyosagwa hadi kuwa kama chakula cha mtoto mchanga. Wiki ya tano na ya sita, vitu vyororo vinavyopondeka kwa uma: yai, samaki asiye na miiba, maharagwe yaliyoondolewa ganda. Baada ya hapo ndipo vyakula vya kawaida huanza kurudi, kimoja kimoja.

Orodha ya mfano iliyokuja nayo ilikuwa ya duka kubwa la Nairobi. Tukaitafsiri kwa jiko la Bukavu. Mashanza yalichujwa yakawa mepesi. Sambaza wabichi walichemshwa, wakasagwa na maji yao, wakapitishwa kwenye chujio ili mifupa ibaki juu. Maharagwe yalipikwa hadi yakavunjika yenyewe, yakachujwa vilevile. Umeme ulipokatika, mashine ya kusaga ilikaa kimya na kinu kikafanya kazi. Kila kitu kilichemshwa na kufunikwa, kwa sababu kuhara katika wiki hizo humaliza maji ya mwili haraka sana.

Kinachotangulia katika kila mlo ni vyakula vya kujenga mwili. Wataalamu wa lishe hulenga gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa kama 8. Hesabu hiyo inaonyesha kwa nini hakuna nafasi ya kujaza tumbo na bugali: mfuko uliobaki ukijaa muhogo, hakuna kinachojenga mwili kitakachopata mahali, na mwili utaanza kula misuli yake.

Zipo sheria nyingine ndogo zinazookoa. Kula polepole, dakika ishirini hadi thelathini kwa vijiko vichache. Kutafuna hadi chakula kiwe maji. Kutokunywa wakati wa kula, na kusubiri nusu saa baada yake. Kuacha vinywaji vyenye gesi. Kuacha pombe, maana baada ya upasuaji huu kiasi kidogo hupanda kichwani haraka. Na kusimama mara tu kifua kinapobana, hata kama kijiko kimebaki kimoja.

Wiki ya pili yaya alijuta. Alikuwa amekaa barazani, kwa jirani walikuwa wanakaanga sambaza, na machozi yakamtoka. Alisema amelipia dola ili anyang'anywe furaha yake. Hilo pia hutokea kwa wengi, na madaktari wanalijua. Homoni zinabadilika, usingizi ni mdogo, na chakula ambacho kilikuwa kinamfariji mtu hakipo tena. Kwa wengi hupita. Lisipopita, ni sababu ya kurudi kwa daktari kama ilivyo homa.

Siri inapofika mezani

Watu walianza kusema mapema. Mtu anayeshuka kilo kumi kwa mwezi mmoja mtaani kwetu hapewi pongezi. Wa kwanza walisema ni sida. Wengine walisema amerogwa na wenzake wa sokoni. Bwana yake aliulizwa kama biashara imeanguka. Yaya alijifungia ndani, akaacha hata zile dakika za kutembea asubuhi, ili asiulizwe.

Siku ya ishirini na moja mama mudogo alifika kutoka kijijini bila kutoa habari. Alipomuona alikaa chini, akashika kichwa. Kisha akaingia jikoni. Kwa saa mbili alipika kama mtu anayemtoa mwanawe mautini: bugali, sombe yenye mawese, nyama.

"Kula, mwanangu. Unanifia mbele ya macho," alisema.

"Mama mudogo, tumbo linanisumbua kidogo."

"Tumbo tupu ndilo linasumbua. Kula hata kidogo, nione."

Anayejua nyumba za kwetu anajua jibu ambalo yaya hakuweza kutoa. Huwezi kumkatalia chakula mama aliyekulea, aliyekaa kwenye gari tangu alfajiri, bila kumpa sababu. Na sababu ilikuwa siri. Alikula matonge matatu.

La tatu halikushuka. Kifua kilibana, jasho likamtoka, mate yakamjaa mdomoni, kisha akatapika hadi akaishiwa nguvu. Kesho yake hata uji ulirudi. Mfuko ulikuwa umevimba kwa ndani, na kila alichomeza kilikuta njia finyu. Mama mudogo, akiona hivyo, aliongeza bidii: mchuzi wa nyama asubuhi, ndizi mchana. Yaya alimeza kidogo ili kumridhisha, akaenda kutapika nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa kazini Uvira, kwenye simu nikiambiwa kila kitu kinaenda vizuri. Siku kumi na mbili zilipita hivyo.

B1 na chupa ya serumu

Vitamini B1 ndiyo inayosaidia mwili kugeuza sukari kuwa nguvu, na ubongo na mishipa ya fahamu huihitaji kila siku. Mwili hauna ghala kubwa la vitamini hiyo: akiba yake hutosha kama wiki mbili au tatu. Mtu aliyepasuliwa ameshakula kidogo kwa wiki tatu. Akianza kutapika kila siku, akiba inaisha.

Dalili huanzia kwenye miguu: ganzi, kuchomwachomwa, udhaifu. Kisha mwendo wa kuyumba, macho yanayocheza au kuona vitu viwili viwili, kuchanganyikiwa. Ukichelewa, ubongo unaweza kuumia moja kwa moja, na kumbukumbu isirudi.

Hapo ndipo chupa ya serumu ya sukari inapokuwa tatizo. Sukari ikiingia kwenye damu kwa wingi, mwili hutumia B1 ya mwisho iliyobaki ili kuichoma, na hali inaweza kuharibika kwa saa chache. Ndiyo maana B1 hutangulia, kwa sindano au kwenye mshipa, wala si kwa kidonge ambacho mgonjwa atakitapika. Ikibidi kumrudishia maji mara moja, ipo serumu ya chumvi.

Usiku ule yaya alipata B1, kisha serumu ya chumvi. Asubuhi alihamishiwa hospitali kubwa zaidi. Daktari wa pale hakuwahi kumtunza mgonjwa wa upasuaji huo, na alilisema bila aibu. Alichukua kurasa tatu, akaomba namba ya aliyempasua, wakazungumza kwa simu yangu karibu nusu saa, mmoja kwa Kifaransa chenye Kiingereza kidogo, mwingine kwa Kiingereza chenye Kiswahili kingi. Picha ilionyesha mshono hauvuji na njia haijaziba. Sindano za B1 ziliendelea kwa siku kadhaa. Kutapika kulipungua siku ya tatu. Miguu ilichukua karibu miezi miwili kuacha kuwaka.

Dalili za kutosubiri asubuhi

Baada ya mazungumzo na madaktari hao wawili, niliandika orodha kwa Kiswahili na kuibandika kwenye mlango wa kabati la jikoni kwa yaya. Anayemtunza mtu aliyepasuliwa hivyo ampeleke hospitali mara moja akiona mojawapo ya haya:

- moyo unapiga zaidi ya mara 120 kwa dakika akiwa amepumzika, hata bila maumivu makali;
- homa inayozidi 38, au baridi ya kutetemeka;
- maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, au maumivu mapya kwenye bega la kushoto;
- pumzi fupi, maumivu ya kifua, au mguu mmoja uliovimba na kuuma;
- kinyesi cheusi kama lami, au kutapika damu;
- kutapika kunakozidi siku moja, au kushindwa kumeza hata maji;
- ganzi miguuni, kuyumba, kuona vitu viwili, kuchanganyikiwa.

Moyo kwenda mbio umewekwa wa kwanza kwa makusudi. Mshono wa ndani ukivuja, mara nyingi hiyo ndiyo ishara inayotangulia, na kuvuja kunaweza kutokea hata wiki kadhaa baada ya mgonjwa kurudi nyumbani.

Kuna pia dawa za farmasi zetu. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini, ambazo wengi hununua bila karatasi ya daktari wakiumwa mgongo au kichwa, zinaweza kutoboa vidonda kwenye mfuko uliokatwa. Kwa maumivu, daktari wa yaya alimruhusu parasetamoli tu. Vitamini ni za maisha yote: B12, chuma, kalisi, vitamini D, pamoja na vipimo vya damu kila baada ya miezi. Nywele zinaweza kutoka kuanzia mwezi wa tatu, kisha hurudi.

Na akina mama wasisahau hili. Kilo zikishuka, hedhi hupangika na mimba hushika kwa urahisi, hata kwa aliyekaa miaka bila kuzaa. Madaktari wanashauri kusubiri miezi 12 hadi 18, ili mtoto asiumbwe ndani ya mwili wenye njaa. Kidonge cha uzazi wa mpango si cha kutegemea kwa mtu anayetapika. Kijiti au kitanzi ni salama zaidi.

Karatasi kabla ya ndege

Nilipomuuliza yaya angebadilisha nini, hakutaja upasuaji. Alitaja mambo matatu.

La kwanza, karatasi. Anayepasuliwa Nairobi, India au Afrika ya Kusini aombe barua yake kwa Kifaransa kabla ya kutoka: aina ya upasuaji, dawa, hatari, namba ya daktari inayojibu usiku. Aifikishe kwa daktari wa mji wake kabla hajaumwa, si saa tatu usiku.

La pili, farmasi. Ampule za B1 na mashine ya kupima moyo na presha ziwe nyumbani kabla ya safari, na daktari wa karibu awe ameonyesha lini na vipi zitumike.

La tatu ni watu. Haitaji mtaa mzima kujua. Lakini kila mtu anayeingia jikoni, kila anayeweza kumwekea sahani mbele, lazima ajue. Kwa upande wake alikuwa mtu mmoja, na ndiye aliyefichwa.

Mama mudogo aliambiwa ukweli hospitalini, asubuhi ya pili, na bwana wa yaya. Kwanza alikasirika kwamba kiwanja kimeuzwa bila yeye. Kisha alinyamaza muda mrefu, akauliza kama ni ile bugali yake iliyomfikisha mwanawe pale. Yaya alimjibu kwamba ni siri yake mwenyewe. Mama mudogo alibaki Bukavu wiki tano.

Hasomi Kiingereza wala Kifaransa. Aliomba nimsomee ile karatasi ya kabatini mara mbili, kisha akaishika kichwani yote. Tangu hapo mgeni akileta chakula anapokelewa mlangoni na mama mudogo, anashukuriwa sana, na sufuria inaenda kwa watoto. Anayeuliza kwa nini mwenye nyumba amekonda anajibiwa kwamba ameponywa magoti.

Ni miezi kumi na minne sasa. Yaya ana kilo 86. Amerudi Kadutu, na jioni anapanda mlima kwa miguu yake, akisimama mara moja tu. Dawa za sukari amesimamishwa, ila anaendelea kupima. Jumapili iliyopita nilikula kwake. Mama mudogo alikuwa amekuja tena, na ndiye aliyegawa chakula. Kwa yaya aliweka sambaza kwanza, kisha sombe kijiko kimoja, na mwisho bugali kidogo kama yai la njiwa. Akakaa pembeni yake, akimtazama anavyotafuna.